Nyumba ya Korido Moja

Tabora,
2 Februari 2023

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo Bibi. Ugonile? Magoti yanaendeleaje, na Baba anaendeleaje? Sisi huku tupo, joto ni kali, Joshua ana mafua, Evodia amepanda darasa la tatu. Generosa anakusalimu sana.

Bibi, uhamisho wangu umekubaliwa. Kuanzia Julai nitakuwa afisa ushirika hapo Kyela, nashughulika na wakulima wa kakao. Generosa anaweza kutangulia na watoto hata baada ya Pasaka, kwa sababu hospitali yake imemruhusu likizo bila malipo. Kinachonisukuma ni Baba. Tangu apate kiharusi silali vizuri. Wewe umri umekwenda, kumgeuza kitandani mwanamume mzima kama yule si kazi yako tena. Generosa ameuguza watu wa kupooza. Anasema mtu wa namna hiyo akianza mazoezi mapema anaweza kusimama, akichelewa basi tena. Pale Kyela mazoezi angefanyiwa hospitalini na mhudumu wa kiume, na nyumbani Generosa angesimamia chakula na dawa.

Kwa hiyo nataka nipange nyumba kubwa ya familia, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Ndandalo. Dalali mmoja anaitwa Ebenezer amenitumia picha. Vyumba vinne, sebule, jiko na choo cha ndani, uzio wa matofali. Chumba chetu, cha watoto, cha Baba, na kimoja cha wageni. Nawe utakuwa unakuja kutembea.

Sitaki kulipa kodi kwa kuangalia picha. Nakuomba uende ukaione kwa macho yako. Ukisema inafaa, nalipa. Ukisema haifai, tunatafuta nyingine. Najua huko Lyulilo simu haishiki mpaka mtu apande mlimani, basi barua mpe Jubilate wa gari la Matema, atanitumia kutoka Kyela.

Mjukuu wako,
Lutengano


Lyulilo,
19 Februari 2023

Mume wangu Lutengano,

Ugonile gwe. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Kisomo cha watu wazima nilikipata na bado ninacho, hata kama herufi zangu zinalala. Mimi mzima, magoti ni yale yale. Baba yako Anyisile anakula, juzi alimaliza mbasa akaniachia miba. Huyo Joshua msimvalishe sweta na joto hilo, mtamchemsha kama ndizi.

Sasa nyumba. Nimekwenda. Nilivaa kitenge kipya, maana dalali akiona bibi kizee amechakaa atamwonyesha banda la kuku. Huyo Ebenezer anaongea kuliko redio. Ananiambia, "Bibi, hii ni nyumba ya kisasa, kila kitu kiko ndani." Nikamwambia hicho ndicho kinachonitisha. Akacheka, akafikiri namtania.

Ukitoka sebuleni unaingia kwenye korido moja, nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja anajibana ukutani. Milango yote inafungukia hapo hapo na choo kiko mwisho. Niambie gwe uliyesoma: mkeo ametoka kuoga na kanga yake, baba yako anasaidiwa kwenda chooni, watapishana wapi? Juu ya dari?

Mke mwenzangu ni mtu wa Bukoba, huenda kwao hawana jambo hili. Mweleze vizuri. Kwetu Busale mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hapiti njia yake, hata jina lake halitamki. Tunaita ukutila. Si chuki, ni heshima. Mimi baba mkwe wangu akitokea ufukweni nilikuwa naingia ziwani mpaka kiunoni, Anyisile yuko mgongoni, nasubiri apite. Watu wa hapa walinicheka, wao hawashiki sana mambo hayo. Sikujali. Mimi sikuzaliwa hapa, niliolewa hapa.

Ninyi mmekaa mbali, mnakuja Krismasi tu mnalala kwa jirani, ndiyo maana hamjaona tabu yake. Kukaa nyumba moja ni jambo jingine.

Nyumba hiyo hapana.

Bibi yako,
Yunis


Tabora,
10 Machi 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia Baba anakula. Mafua ya Joshua yamekwisha, sweta tumelificha.

Nilimsomea Generosa barua yako yote. Hakucheka. Aliuliza maswali mengi. Kisha akasema jambo hilo linawezekana. Atakuwa anakohoa kabla ya kufungua mlango. Baba naye akiwa koridoni, atamsubiri amalize. Tutaweka pazia zito katikati. Anasema yuko tayari kuishi hivyo hata miaka kumi, mradi mgonjwa awe karibu na hospitali.

Naona ana hoja, Bibi. Lakini nimekuahidi neno lako ndilo la mwisho. Ebenezer amepata nyumba nyingine, ya pili kutoka ile ya kwanza. Hii ina mlango wa nyuma, kwa hiyo Baba atakuwa na njia yake. Tafadhali ukaione mapema. Kila wiki inayopita ni ya Baba, si yangu.

Mjukuu wako,
Lutengano


Lyulilo,
27 Machi 2023

Mume wangu,

Ugonile. Huku mvua imekaa, nguo hazikauki, vyungu nilivyofinyanga navyo havikauki. Baba yako yupo. Mkono wa kulia bado ni mzito, mdomo unarudi kidogo kidogo.

Nimekwenda tena huko kwa dalali wako. Mlango wa nyuma upo, sikatai. Lakini chumba anachotaka kumweka baba yako kina dirisha linalotazama jikoni. Jikoni kabisa. Mkeo anakuna nazi, mkwe wake yupo hapo kama picha ukutani. Ebenezer akasema, "Bibi, si tunafunga dirisha?" Nikamwuliza kama yeye angependa kuugua ndani ya chumba kisicho na hewa, na joto hili la Kyela. Akanyamaza. Mara yake ya kwanza.

Na habari ya kukohoa. Mwambie mke mwenzangu nimemsikia, ana adabu, sikutegemea. Lakini nyumba ya kukohoana si nyumba. Wageni watadhani wote mna kifua kikuu.

Unaniambia kila wiki ni ya Anyisile. Unadhani mimi siijui? Nani anayemgeuza? Mimi nimemzaa huyo, nimemlea bila baba tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Usinifundishe hesabu ya mtoto wangu.

Tafuteni nyingine.

Bibi yako,
Yunis


Lyulilo,
20 Aprili 2023

Mume wangu Lutengano,

Ugonile. Mkeo na watoto wameshafika huko Tabora salama, nadhani, maana Jubilate alisema aliwapandisha basi mwenyewe pale Kyela. Pasaka waliyokuja kula huku ilikuwa njema. Wewe kazi zako hazina Pasaka, tumezoea.

Nakuandikia jambo nililoliona, kwa sababu mkeo hatalisimulia, ni mtu wa maneno machache.

Jumatatu ya Pasaka nilitoka kuteka maji. Niliporudi nikasikia Anyisile anacheka. Gwe, sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu augue. Nikaweka ndoo chini, nikazunguka nyumba. Mke mwenzangu ameketi nje kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, uso ameelekeza mlimani. Anyisile ndani, kitanda kiko upande wa pili wa ukuta huo huo. Wanabishana. Mkeo anasema sangara wa kwao mmoja analisha harusi. Baba yako anamjibu, ulimi mzito, neno moja moja, kwamba sangara ni mafuta matupu, ale mbasa ndipo ajue samaki. Mkeo anasema, "Baba, mbasa mmoja Joshua anamaliza kabla hajanawa." Ndani huko anacheka mpaka anakohoa.

Walikaa hivyo mpaka jua likazunguka. Hakumwona, hakumtaja jina. Kwa kweli sikuwa na la kumkosoa, ingawa nilitafuta.

Baada ya hapo nimekwenda kuona nyumba ya tatu ya Ebenezer, ya mjane mmoja anaitwa Catheline, mwalimu mstaafu. Nyumba kubwa mbele, na uani kuna chumba cha peke yake, mlango wake, choo chake, baraza lake. Mkwe anaweza kukaa hapo na mke wa mwana akakaa kule bila kupishana. Catheline ni mtu mzima, alinipa chai, akaniita dada.

Lakini sijasema ndiyo. Nataka kwanza nione maji ya mvua yanapita wapi, uani hapo pako chini. Na mto umepanda, gari la Matema linapita leo, kesho halipiti. Tuvune mpunga kwanza, tutazungumza. Nyumba haina miguu.

Bibi yako,
Yunis


Tabora,
9 Mei 2023

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mto umeshuka.

Generosa alinisimulia habari ya sangara kwa kifupi tu, ya kwako ni bora zaidi. Nimeisoma mara nyingi.

Bibi, jana Ebenezer alinipigia simu. Kuna mtumishi kutoka Dodoma anaitaka nyumba ya mwalimu Catheline. Mama huyo anasema anakupendelea wewe kwa sababu mlielewana, lakini hawezi kusubiri mavuno. Mimi nilitaka kulipa jana hiyo hiyo. Generosa akanizuia. Alisema, "Umempa Bibi neno, usimnyang'anye." Basi nakuomba. Huhitaji kuandika barua. Mwambie Jubilate aniambie neno moja tu kwa simu akifika Kyela: ndiyo. Kama uani panajaa maji nitachimba mfereji kwa mikono yangu.

Na kitu kimoja. Barua zote hizi unaniambia Baba anakula, Baba yupo, mkono mzito. Hujaniambia yeye mwenyewe anasema nini kuhusu kuhamia Kyela. Anataka? Hataki? Mwulize, kisha uniambie.

Mjukuu wako,
Lutengano


Lyulilo,
30 Mei 2023

Lutengano,

Ugonile. Barua ilikaa kwenye gari kwa sababu daraja lilifunikwa na maji. Nilipoipata nikaenda Kyela. Mtu wa Dodoma ameshaingia, ameanika magodoro kwenye baraza. Catheline aliniambia pole, nikamwambia hakuna msiba hapa.

Nyumba zipo nyingi, Kyela haijajengwa leo. Ukija Julai utatafuta mwenyewe, macho unayo.

Baba yako anapumua kwa shida nyakati za baridi ya mvua. Nampa uji. Hazungumzi sana.

Bibi yako,
Yunis


Kyela,
23 Julai 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole tena, ingawa pole tumeshapeana. Umeamkaje? Unakula? Generosa anaogopa huli.

Nimerudi kazini tangu juzi. Msibani hatukuzungumza, wewe na mimi. Watu walikuwa wengi, na kila nilipokusogelea ulikuwa unawapangia wanawake masufuria. Nilisimama kaburini nikiwa bado na ufunguo mfukoni. Nilikuwa nimelipia nyumba siku nne kabla. Niliogopa kukuuliza tena, nikalipia tu ile ya kwanza, yenye korido. Haikuwa imepata mtu mpaka siku hiyo. Nilipanga nimfuate Baba Jumamosi. Akafa Alhamisi.

Tumehamia. Generosa hajafungua mlango wa chumba tulichomwekea Baba, watoto ndio wanaoingia. Evodia aliniuliza kama Babu ataletewa kitanda.

Bibi, njoo ukae nasi. Si kutembea, kukaa. Chumba ni chako. Huko Lyulilo umebaki peke yako na mimi sioni sababu. Korido sasa haina shida kwa mtu yeyote.

Na nakuuliza tena nililokuuliza mwezi wa tano. Baba alikuwa anasema nini? Nilipoitwa Jumatano nikafika, alikuwa hawezi tena kusema, alinitazama tu. Nataka kujua alikuwa ananitazamaje.

Mjukuu wako,
Lutengano


Lyulilo,
14 Agosti 2023

Lutengano,

Ugonile, wewe na mkeo na watoto. Mimi nipo, nakula.

Umeuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilipita pembeni. Mara hii nakujibu, usome ukiwa umekaa.

Baba yako alikuwa anauliza kila asubuhi. Maneno mengine yalikuwa yanampotea, hilo halikumpotea. "Amepata?" Anatazama mlango, siyo mimi. Nami namwambia bado. Niliporudi kutoka ile ya korido nikasema haikufaa, Lutengano anatafuta nyingine. Ile ya dirisha nikasema dalali ni mwongo. Ile ya Catheline sikumwambia kabisa. Nilisema umebanwa na kazi. Pasaka, kabla mkeo hajafika, nilimkataza asimwulize habari za nyumba, nikasema si adabu kwa mkwe. Akatii. Ndiyo maana wakazungumza samaki.

Habari ya ukutila nilimweleza baba yako. Nilitegemea atakubaliana nami. Akasema, "Mama, baba mkwe ni mimi. Heshima hiyo ni yangu. Mimi nikisema apite?" Nikamjibu kwamba mgonjwa hana kauli. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwanangu.

Mwezi wa sita akaacha kuuliza. Nikafurahi, nikafikiri amesahau. Siku moja namnywesha uji, akakisogeza kikombe, akasema, "Lutengano ana watoto wake. Asisumbuliwe." Hakulitaja tena. Kwa hiyo usihangaike kutafuta alikuwa anakutazamaje. Alikuwa anamtazama mtu ambaye yeye aliambiwa hana nafasi ya kuja kumchukua. Nani alimwambia? Mimi.

Usiseme mila niliitunga. Ipo, nimeishi nayo, nimelowa kwa ajili yake. Lakini mkeo alikuwa ameshaitatua, kwa mgongo wake ukutani, nami nilikuwa nimesimama hapo na ndoo naona. Ile ya Catheline haikuwa na kasoro hata ya kusingizia. Maji ya mvua yalikuwa yanapita barabarani, niliyaona.

Niliogopa. Andika hilo kichwani mwako, Bibi yako aliogopa. Nilikuwa namlisha, namgeuza, mgongo unauma, na mtu mzima mwenye mvi ananiita Mama usiku na mchana. Ninyi mlikuwa mnakuja kumchukua. Hapa ningebaki na vyungu na kuku. Nikasema ngoja nimweke kidogo, mpaka mvua zipite, mpaka mpunga uvunwe. Nikamweka mpaka akaisha.

Chumba sikitaki. Ndaga fijo kwa kunipa. Sitalala kwenye nyumba niliyomnyima mwanangu. Mwambie Evodia kwamba Babu alitaka kuja, bibi yake mkubwa ndiye aliyemzuia. Mwambie hivyo hivyo, usipambe.

Nimekwenda kaburini nikamweleza kuwa ulitafuta. Nimemweleza kwa sauti, watu wakanitazama. Sijui kama kumesaidia kitu.

Bibi yako,
Yunis


Lyulilo,
8 Oktoba 2023

Mume wangu Lutengano,

Ugonile? Watoto wanaendeleaje na shule ya huko? Kazi ya kakao nasikia mwaka huu ina ugomvi, mvumilie.

Sikupata jibu. Nilifikiri ni daraja, nikamwuliza Jubilate, akasema daraja ni zima. Sasa gari likishuka nakwenda mpaka pale linaposimama, najifanya nauza vyungu. Jubilate ameshanijua. Akiniona anatikisa kichwa kabla hajazima gari.

Sukari na sabuni zimefika. Najua ni mkono wa mke mwenzangu, maana mfuko ulikuwa umefungwa kwa fundo zuri. Niliumwaga wote mezani, nikatazama mpaka ndani ya karatasi ya sabuni. Hakukuwa na maneno. Mwambie ndaga. Mwambie akija na watoto asikae nje, aingie ndani akae kitini, hakuna tena mtu wa kumkwepa.

Wewe sikuombi uje. Siombi unisamehe pia, sijui mtu anasamehewaje jambo ambalo mwenyewe ameshazikwa. Nataka karatasi tu. Mimi nimewasema watu tangu nipate meno, nimekusema wewe, nimemsema mkeo, nimemsema dalali wa watu. Hakuna aliyenijibu. Wewe nijibu. Andika hata kama yote ni ya kunisema, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila shikamoo.

Nitaisoma mwenyewe. Sitampa mtu anisomee.

Bibi yako,
Yunis